Uso wa Muindi, Fundi wa Mitaboni

Kama wewe ni mtu wa kuudhika upesi, ungeudhika siku ya kwanza kumwona Muindi. Wengi waliudhika. Ungefika kwenye kibanda chake pale soko la Mitaboni, nyuma ya duka la mbegu, umkute ameinamia randa, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope, umwambie kwa heshima zako zote kwamba unataka kitanda cha futi tano kwa sita, naye angeinua kichwa akutazame. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu kidogo, nyusi ya upande huohuo imeifuata, na jicho limefinywa kama la mtu anayejua siri yako na ameamua kukusitiri kwa leo tu. Ungejikagua zipu. Ungejiuliza kama kilichomchekesha ni zile futi tano, au ni wewe na mkeo, mliokwisha kuzaa watoto wanne na ndiyo kwanza mnakumbuka kununua kitanda.

Naye masikini ya Mungu alikuwa anawaza mbao tu.

Uso huo hakuzaliwa nao. Alipewa na punda. Alikuwa mtoto wa kutumwa mtoni na mitungi, wakati wa kiangazi, punda akachoka kupigwa kelele, akarusha teke moja la kumaliza mjadala. Kwenye zahanati alishonwa na mtu aliyekuwa na haraka, kama anayeshona gunia la mahindi huku mvua inanukia. Jeraha likapona vizuri. Tabasamu likabaki.

Shuleni lilimponza kila siku. Mwalimu angeuliza, "Wewe, unacheka nini?" Muindi angejibu, "Sicheki, mwalimu." "Na bado unacheka!" Basi fimbo. Akajifunza kutembea akitazama vidole vya miguu yake. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Mchungaji alipokuja kuagiza mimbari mpya, akaeleza kwa mikono miwili jinsi alivyoitaka pana na ya fahari, Muindi alimtazama ili asipoteze kipimo hata kimoja. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya wenye kuketi barazani pa wenye mizaha, na waumini wote wakageuza shingo kuitafuta ile nguzo. Majeneza alikataa mwenyewe kuyatengeneza. Alisema mbao zake hazifai, ila sote tunajua sababu. Nani angestahimili kuagiza jeneza la baba yake kwa fundi anayemtazama hivyo?

Na ukitaka kujua mzaha ulipo, sikiliza hili: Muindi hakujua kumcheka mtu. Hakuwa na kipaji hicho hata chembe. Wenzake wa sokoni wakipigana vijembe saa ya chai, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, akacheka wakati wengine wamekwisha kurudi kazini. Aliyemuuzia ubao uliooza, Muindi alimwonea huruma, akidhani naye alidanganywa na mwingine. Mungu alikuwa amechukua uso wa mjanja mkubwa akaubandika kwenye moyo wa mtu asiyejua hata kudanganya bei.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, wakati mvua za El Nino zilikuwa bado hazijaacha barabara za watu, akaja Nzilani. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa kwenye shule ya wasichana iliyo chini ya milima ya Iveti, na alikuwa amepanga chumba pale Mitaboni. Soko zima lilishamjadili. Kifaransa Mitaboni! Ataongea na nani, na mbuzi? Kila alipopita, kuna aliyemwambia "bonjua" kwa sauti ya kuuza samaki, naye akajibu kwa adabu na kusahihisha matamshi palepale, jambo lililowafanya wauzaji wa nyanya wamwogope kidogo.

Alikuja kwa Muindi kutaka rafu ya vitabu. Alichora kwenye karatasi, akaeleza kwamba vitabu vya Kifaransa ni vizito, kwamba rafu isije ikamwangukia akiwa amelala. Muindi akainua kichwa akamtazama.

"Kuna nini cha kuchekesha?" Nzilani akauliza.

"Hakuna, madam."

"Mbona unanicheka?"

"Sikucheki. Ni uso tu. Punda alinipiga teke nikiwa mdogo." Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina lake, maana alikuwa ameshalisema mara nyingi kuliko jina lake.

Nzilani akaangua kicheko, kicheko cha kweli, cha tumboni. Kisha aibu ikamshika, akaziba mdomo kwa mkono. "Nisamehe. Si kwa ubaya. Ni vile mwaka mzima nimekosa namna ya kuwafundisha wasichana wangu neno moja, na sasa nimelikuta limesimama hapa na randa mkononi."

"Neno gani?"

Akachukua penseli ya fundi kutoka nyuma ya sikio lake, bila kuomba ruhusa, akaandika kwenye ubao: *narquois*. "Unasema *narkwa*. Hizo herufi nyingine ni za mapambo."

"Ni tusi?"

"Si tusi. Na si sifa pia." Akaketi juu ya rundo la mbao, ualimu ukampanda. "Angalia. Kuna kumcheka mtu meno nje, kila mtu akuone. Hiyo iko na neno lake. Kuna kumdhihaki mtu ukitaka aumie. Hiyo pia iko na lake. Hili ni la mtu anayekucheka kwa pembe ya mdomo peke yake. Hasemi kitu. Ni kama ameona ng'ombe wako ameingia kwa shamba ya jirani, na anangoja ujionee mwenyewe."

Hilo Muindi alilielewa mara moja, akacheka. Alipocheka kweli uso wake ulinyooka pande zote mbili, na Nzilani akaona ni uso wa mtu mwingine kabisa.

Akaendelea kumweleza kwamba kamusi yasema zamani neno hilo liliwahusu askari watoro waliozurura Ufaransa wakiomba mchana na kuiba jioni, wakizungumza lugha yao ya kificho. Siku hizi limetulia. Halipendi sana kumwita mtu mzima. Wafaransa huliweka kwenye vitu vidogo vidogo vya mtu: tabasamu, jicho, sauti, jinsi anavyokutazama. Muindi akauliza kama kuna Mfaransa aliyewahi kupigwa teke na punda, Nzilani akasema bila shaka wapo.

Rafu ikatengenezwa kwa wiki nyingi kuliko rafu yoyote inavyohitaji. Mara msasa haukuwa laini, mara vanishi iliyonunuliwa mjini Tala ilikuwa imeganda, mara kipimo kikapotea ikabidi mwenyewe aje tena. Ubao ule wenye neno akauweka mgongoni mwa rafu, uso kwa ukuta, asiutie randa.

Kisha yakatokea ya wale wasichana. Jumamosi moja wakaja sokoni kundi zima, sketi za buluu, wakajipanga mbele ya kibanda. Mmoja akauliza bei ya stuli. Mwingine akauliza bei ya stuli ileile. Wa tatu akauliza kama kuna stuli. Kila Muindi alipoinua kichwa, wakakanyagana miguu na kunong'onezana "narkwa, narkwa!" Walipoondoka bila kununua hata kijiti, Muindi akaweka chini patasi. Alikuwa amezoea kuchukiwa kwa uso huo. Kufanywa maonyesho kulikuwa kupya, na kulimuuma.

Jioni akamwambia Nzilani wazi. "Umenifanya kichekesho ya shule."

Nzilani hakujitetea. Alitoa mkobani daftari la msichana mmoja akamsomea kazi aliyokuwa amewapa: waende wamwone fundi, kisha wamwongeleshe, kisha waandike. Msichana alikuwa ameandika kwa Kifaransa chenye makosa kwamba tabasamu la fundi ni narquois lakini fundi mwenyewe ni mpole, na kwamba alimwambia stuli isiyo na nyufa ndiyo ile ya nyuma, ya bei nafuu. "Wote wameandika hivyo," Nzilani akasema. "Nilitaka waone tofauti. Lakini ningekuuliza kwanza. Nilikosa, Muindi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba msamaha kwa ajili ya uso wake. Alisimama pale na msumeno mkononi, hajui auweke wapi. Nadhani ni hapo alipompenda kabisa, ingawa wauzaji wa nyanya wanadai wao walijua tangu siku ya vanishi.

Mambo yakaenda vizuri hadi yalipofika kwa Mzee Ndunda.

Mzee Ndunda ndiye baba yake Nzilani, wa kule Kangundo, mtu aliyepima kahawa ya wakulima miaka na miaka hadi akastaafu. Huyo hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa mkavu kama mwamba, lakini kinywani mwake mlitoka maneno ambayo yaliwafanya watu wahame njia. Alimwambia jirani aliyejenga nyumba ya orofa kwamba sasa atamwona Mungu karibu, ila ngazi aifunge isije ikaibwa. Alimwambia shemasi mnene kwamba kufunga kwake kunaonekana. Hayo yote alisema bila kutikisa hata sharubu. Yeye aliwacheka watu, na watu hawakuruhusiwa kumcheka. Mchumba wa kwanza wa Nzilani, kijana wa benki mwenye tai, kicheko kilimponyoka kidogo puani wakati mzee alipoteleza kwenye tope la El Nino. Hakuonekana tena katika boma lile.

"Baba akisema hapana, siwezi," Nzilani alimwambia Muindi. "Sitaki kukudanganya. Nakupenda, lakini sitaolewa baba akiwa amenigeuzia mgongo."

Na kwa Wakamba hakuna mlango wa uani. Kuna mbuzi wa ntheo. Waweza kukaa na mwanamke hadi mkapata wajukuu, kama hukupeleka mbuzi hao kwao, siku yoyote wazee watakuambia huyo si mkeo, ni mgeni aliyechelewa kurudi. Tena mbele ya wazazi wa mke mtarajiwa hakuna utani. Hao ni wathoni wako, wakwe wa kuonewa haya. Unashusha macho, unapunguza sauti, na mama mkwe ukimwona njiani unaingia vichakani umpishe. Sasa fikiria kwenda mahali kama hapo na uso wa Muindi.

Muindi hakulala usingizi wa maana. Akamwendea ami yake Mbithi, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo. Mbithi alikuwa mtu wa maneno mengi na mipango mingi zaidi. Alimzunguka mpwa wake kama anayenunua fahali, akamkagua ule mdomo, akapiga kofi la furaha.

"Jino!" akasema.

"Jino gani?"

"Linakuuma. Tunakufunga kitambaa. Mtu akiumwa na jino, nani atamwuliza mbona hacheki ama mbona anacheka? Mbuzi wakishaliwa, mambo imeisha. Hata ukitoa kitambaa ucheke mpaka Krismasi, ndoa ni ndoa."

Muindi alijua huo ni ujinga. Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupokea ushauri wowote ulio karibu. Nzilani hakuambiwa. Alikuwa ameshatangulia kwao kusaidia kupika.

Jumamosi ya mwezi wa nane wakafika Kangundo, Muindi, Mbithi na wazee wa ukoo, na mbuzi wakilalamika nyuma ya pikapu. Kitambaa cheupe kilipita chini ya kidevu cha Muindi, kikafunika shavu la kushoto na pembe yote ya mdomo, kikafungwa fundo utosini. Mbithi alikuwa amekaza barabara.

Mzee Ndunda alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya upenu. Akasalimiana na wazee, "Wakya?" nao wakaitika, "Aa." Kisha akamtazama Muindi kuanzia viatu hadi fundo.

"Huyu ndiye anaoa," akauliza, "ama ndiye anazikwa?"

Wazee wa Kangundo wakakohoa. "Ni jino, mzee," Mbithi akarukia. "Imeanza tu asubuhi, tukiwa njiani."

"Pole. Ni jino ya upande gani?"

"Kushoto," Mbithi akasema, na wakati huohuo Muindi, aliyechanganyikiwa, akagusa shavu la kulia.

"Kumbe linatembea," akasema Mzee Ndunda.

Kama ingekuwa nyumba ya watu wabaya, mambo yangeishia hapo. Lakini walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliomtesa. Mama Kaluki, mkewe Ndunda, hakuweza kumkaribia muthoni wake, ila huruma yake ilisafiri. Kutoka jikoni akatuma maji ya moto yenye chumvi. Akatuma karafuu. Akatuma majani fulani ya kutafuna, machungu hata mbuzi waliyakataa. Mwisho ikasikika kwamba ametuma mtu kumwita Mutua, jirani anayeng'oa meno kwa koleo, na kwamba Mutua amesema atakuja mara moja kwani koleo analo mkononi, alikuwa anatengeneza ua. Kijasho chembamba kikamtoka Muindi. Mbithi akamnong'oneza, "Vumilia, vumilia," kama vile ni yeye angeng'olewa.

Mbuzi wakakaguliwa, wakakubaliwa, mmoja akachinjwa. Nyama ikaiva. Sasa nyumba ya Ndunda ilikuwa na desturi yake, iliyotoka kwa babu yake: baba wa msichana huchukua kipande cha figo kwa vidole vyake na kukitia mwenyewe kinywani mwa kijana, mbele ya wote. Akishameza, amekuwa mtoto wa boma. Mbithi hakuijua desturi hiyo. Alipoona mzee anainuka na sahani, maneno yake yote mengi yakamkimbia.

"Mzee... labda atakula kesho. Hiyo jino..."

"Kesho nitakuwa na mkwe mwingine," Ndunda akasema. "Hicho kitambaa kitoke."

Hakuna aliyesogea. Muindi aliutazama mchanga wa uani. Akafikiria rafu ya vitabu, na mtu aliyekaa juu ya mbao zake akimfundisha neno la watu wa mbali, na akaona kwamba akimeza figo lile chini ya kitambaa, kama ingewezekana, angekaa na kitambaa hicho maisha yake yote. Akapiga moyo konde. Akainua mikono, akafungua fundo, akainua uso.

Mzee mmoja alishusha mfupa aliokuwa akiung'ata. Pembe ya mdomo wa Muindi, ikiwa imetoka kubanwa siku nzima, ilipanda juu kuliko kawaida yake, na jicho likafinyika kwa mwanga wa jua.

Mzee Ndunda akaweka sahani chini polepole. "Kumbe ni jino linacheka."

"Sicheki, asa," Muindi akasema, akimwita baba kwa adabu.

"Unacheka nini kwa boma yangu?"

"Sicheki. Ni..." Akatafuta neno la Kiswahili, hakulipata. Akatafuta la Kikamba, hakulipata. Likaja la tatu. "Ni narquois."

"Ni nini?"

"Ni ugonjwa!" Mbithi akafufuka. "Lakini haiambukizi, mzee. Na watoto hawarithi."

Wazee wa Kangundo wakasogeza viti nyuma. Mmoja akamuuliza mwenzake kama hiyo ndiyo ilikuwa inatangazwa kwa redio. Mzee Ndunda hakuondoa macho kwa Muindi. "Hiyo ni lugha ya Nzilani," akasema. "Aitwe."

Nzilani akatoka jikoni, kitambaa cha kupangusia vyombo bado begani. Akaona fundo lililofunguliwa mikononi mwa Muindi, akaelewa yote, na hasira ikampanda kwanza. "Nani alimfunga hivi?" Mbithi akaanza kukagua mawingu.

"Mwalimu," baba yake akasema, "tufundishe. Huyu kijana amesema yeye ni narkwa. Hiyo ni kitu gani?"

Basi Nzilani akafundisha, mbele ya wazee na nyama inayopoa. Alisema kwamba ni neno la kuelezea tabasamu linalomsuta mtu bila kusema, jicho la mtu anayekuona ukijidanganya. Alisema kwamba Wafaransa huliweka juu ya tabasamu, juu ya jicho, juu ya sauti. "Huko linakaa, baba. Kwa uso. Punda ndiye alimwekea huyu, akiwa mtoto."

Mzee Ndunda akafikiri. "Kuna watu wako na hiyo kitu lakini kwa uso haionekani?"

"Wapo," Nzilani akasema. Akamtazama baba yake moja kwa moja. "Najua mmoja."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko cha Mama Kaluki, kikakatika ghafla. Sharubu za mzee zikatikisika kidogo, kidogo sana. Kisha akarudi kuwa mkavu.

"Sawa. Uso nimeelewa. Lakini mtu akija kwangu amejificha, mimi nauliza amejificha nini. Huyu moyoni ako na nini?"

"Hiyo siwezi kukujibia," Nzilani akasema. "Muulize mwenyewe."

Muindi akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alikiviringisha kile kitambaa mkononi, akakiviringua.

"Mzee, nilijificha kwa sababu niliogopa. Si kwako ninaanza kuogopa. Mama yangu alipokufa, nilikuwa kijana mkubwa. Siku ya kumzika nilisimama hapo kwa kaburi na wengine. Nilikuwa nalia. Nakuambia ukweli, nilikuwa nalia sana. Mtu wa ukoo akanishika mkono, akaniambia naaibisha watu, mama yangu anazikwa na mimi nacheka. Akanitoa. Nikapelekwa nyuma ya zizi. Nilisikia udongo ikianguka juu yake. Kuona, sikuona."

Hakumtaja mtu. Lakini Mbithi, aliyekuwa hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Kumcheka mtu sijui," Muindi akasema. "Ningejua, labda ingekuwa rahisi. Nampenda Nzilani. Hiyo tu ndiyo iko."

Machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa mengi. Yalishuka mashavu yote mawili, na lile la kushoto likafika kwenye pembe ya mdomo iliyopanda juu, likakwama pale kidogo, kisha likapita. Uso uliendelea kutabasamu tabasamu lake la kujua siri za watu, na mwenyewe alikuwa analia kama mtoto. Wale wazee walitazama kitu hicho wasijue waweke macho wapi. Haikuwa rahisi kukitazama. Nzilani alishika mlango wa jikoni akauma midomo yake.

Mzee Ndunda alikuwa amewapima watu na kahawa yao maisha yake yote, na alijivunia kwamba macho yake hayadanganyiki. Akainuka, akaokota sahani, akavuka ua akitembea polepole kwa miguu yake ya uzee hadi mbele ya Muindi. Mutua alikuwa ndiyo kwanza anaingia langoni na koleo lake, akaonyeshwa kwa kidole asimame hapohapo alipo.

"Sikieni nyinyi wote," Mzee Ndunda akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kavu. "Siku yangu ikifika, huyu atasimama mbele. Hapo karibu na kichwa changu, uso juu, watu wamwone. Na mtu akijaribu kumtoa, mniamshe."

Akachukua kipande cha figo kwa vidole.

"Sasa fungua mdomo, mwana wakwa."

Muindi akaufungua.